Mzunguko wa Tatu

Rannveig alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko, mguu mbovu ameulaza juu ya kigoda, na kutoka hapo aliiendesha nyumba nzima kwa mdomo. Tangu ateleze kwenye barafu kando ya kisima mwanzoni mwa Novemba, mdomo ndio kiungo pekee kilichobaki na nguvu zake zote, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kiungo kizima kikae bure.

"Sesselja, chini ya kitanda cha Ketill umefagia?"

"Nimefagia, mama."

"Na nyuma ya kabati?"

"Nimefagia na kupiga deki."

"Maana wakipita jioni wakakuta vumbi, aibu ni yangu, si ya Ketill."

"Mimi aibu iliniisha zamani," akasema Ketill kutoka pembeni, alikokuwa akisugua vinara vya shaba kwa majivu. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mfanyakazi wa shamba lile tangu ndevu hazijamwota. "Mwaka juzi walipita wakakuta soksi zangu katikati ya chumba, na hakuna aliyelalamika."

"Walizimia, watalalamikaje?"

Ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka. Pale Hamrasel, kama kwenye mashamba yote ya bonde lile, jioni hiyo Wasioonekana huhama. Wale wanaokaa ndani ya mwamba ulio juu ya malisho hufunga virago na kwenda kutafuta makao mengine, na wengine huja kutoka miamba ya mbali kushika nafasi zao, na njiani hupita majumbani mwa watu kupumzika kidogo. Kwa hiyo nyumba husafishwa mpaka inang'aa, taa huwashwa kila chumba pasibaki pembe yenye giza, milango huachwa wazi, na mama mwenye nyumba huizunguka nyumba kwa nje mara tatu akisema maneno. Kama kweli wapo au hawapo, mchungaji ana maoni yake na Ketill ana yake. Lakini hata mke wa mchungaji huonekana na kandili jioni hiyo, na mchungaji hujitia hamnazo.

Maneno yenyewe ni machache, na mtoto yeyote wa bondeni anayajua: anayetaka kuja na aje, anayetaka kwenda na aende, mradi mimi na wangu tubaki salama.

Sasa, jambo moja haliandikwi popote wala halisemwi kanisani, ila kila mtu analijua. Anayeizunguka nyumba jioni hiyo ndiye mwenye nyumba. Rannveig mwenyewe, alipoolewa Hamrasel, alingoja miaka tisa. Mama mkwe wake alikuwa kikongwe mgumu kama mkate wa wiki iliyopita. Jioni moja ya mwisho wa mwaka kikongwe yule alivua shali lake, akamtupia Rannveig mabegani bila kusema kitu, akampa kandili. Basi. Kesho yake hakuna aliyekwenda tena kumuuliza kikongwe unga upimwe kiasi gani. Na Rannveig, aliporudi ndani na theluji kwenye viatu, alihisi ardhi ya Hamrasel imemshika miguu yote miwili. Haikuwahi kumwachia.

Ndiyo maana mwaka huu alikuwa amekata shauri shali hilo limwendee Sesselja. Kisingizio kilikuwa mguu. Mguu ulikuwa mbovu kweli, lakini si mbovu kiasi hicho.

Sesselja alikuwa mkwe wake, mjane wa mwanawe wa pekee. Kolbeinn alikufa miaka sita iliyopita, vuli, alipopanda nyikani kutafuta kondoo waliobaki nyuma na tufani ya theluji ikamkuta huko. Alipatikana masika, barafu ilipoyeyuka. Hawakujaliwa mtoto. Sesselja angeweza kurudi kwao mwaka ule ule, hakuna ambaye angemlaumu, lakini alibaki. Alikamua ng'ombe, akasokota sufu, akamsomea Rannveig gazeti likifika, na usiku wa kwanza wa kila baridi aliweka mawe ya moto yaliyofungwa kitambaa kitandani mwa mama mkwe wake kabla hajaambiwa. Rannveig hakuwahi kumshukuru kwa maneno. Alimpenda kupita kiasi, na kwa hiyo alimgombeza kutwa.

Halafu Oktoba akaja Högni, fundi wa matandiko ya farasi kutoka Vogar, kijiji cha pwani upande wa pili wa mlima. Alikuja kushona matandiko mawili. Kazi ya siku mbili ikachukua tano. Siku ya tatu Ketill alitangaza mezani kwamba hajawahi kuona uzi mkaidi kama huo, unakatika kila Sesselja akipita. Fundi akawa mwekundu hadi shingoni. Tangu aondoke, Sesselja alikuwa akiimba zizini, na wiki iliyopita Rannveig aliona sanduku lake la nguo limefunguliwa, nguo zimetandazwa zipate hewa. Mtu haaniki nguo za kiangazi katikati ya Desemba bila sababu.

Na kulikuwa na ile sentensi. "Mama, kuna jambo nataka tuongee." Sesselja aliianza mara kadhaa, na kila mara Rannveig alimpata na kazi: maziwa yanachemka, kuku wanalia, hebu nitafutie miwani. Miwani alikuwa ameikalia.

Mchana walikunywa kahawa, wote watatu wameshika vipande vya sukari kati ya meno. Katikati ya meza palikuwa na sahani ya mikate myembamba iliyochorwa majani kwa ncha ya kisu, kazi ya Sesselja, mizuri mno hata mtu aone haya kuivunja. Ketill hakuona haya. Aliivunja, akapiga chafya, akafuta pua.

"Mafua hayo unayo tangu lini?" Rannveig akauliza.

"Sikumbuki, bibi. Nadhani yaliingia zamani yakakosa njia ya kutokea." Alichovya mkate kwenye kahawa. "Nyumba hii siku hizi ndivyo ilivyo. Inaingiza tu, haitoi. Paka angekufa miaka minne iliyopita, yupo. Mimi nilisema nakwenda kuishi kwa dada yangu, nipo. Na wale wa mwambani, sijui. Kila mwaka wanaingia wapya na wa zamani hawaagwi. Nafikiri chumbani kwangu sasa wamelala mzungu wa nne."

Sesselja alicheka, kisha akaacha ghafla na kuinamisha macho kwenye kikombe. Rannveig hakucheka kabisa. Alimtazama Ketill kwa muda, lakini uso wa mzee ulikuwa wa mtu anayekula mkate tu.

"Mama," akasema Sesselja taratibu, "kwa kuwa tumekaa, kuna jambo..."

"Mishumaa," akasema Rannveig. "Haya, saa hizi giza linaingia na hatujaweka hata mmoja dirishani. Tutaongea mwaka ukianza. Mwaka unaanza kesho, si mbali."

Sesselja akainuka. Hakukunja uso, hakupumua kwa nguvu, na hilo ndilo lililomuuma Rannveig. Angalau angeubamiza mlango.

Alibaki peke yake na jiko, akiwasikia wenzake wakipita vyumbani na vibiriti. Alijua Ketill amesema nini. Alijua, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mkononi.

Kwa sababu lilikuwa kweli. Mwisho wa mwaka uliotangulia kifo cha Kolbeinn, Rannveig aliizunguka nyumba kama kawaida, na kwa kuwa anga lilikuwa limetulia na yeye alikuwa na furaha, alisema maneno kwa sauti iliyofika mpaka malishoni: anayetaka kwenda na aende! Na vuli iliyofuata Kolbeinn akaenda. Kijana yule alikuwa wa mwisho kutoka nyumbani siku zote za maisha yake. Farasi wametandikwa, watu wamekwisha panda, yeye bado yumo ndani anatafuta glavu moja, glavu ya kushoto, na mama yake anapiga kelele kutoka mlangoni. Siku ile ya kondoo hakutafuta chochote. Glavu zote mbili zilikuwa mfukoni, akatoka mara moja, na Rannveig hakupata hata nafasi ya kumpigia kelele.

Mwisho wa mwaka ule alitoka na kandili akasema anayetaka kuja na aje. Ilipofika sehemu ya pili, maneno yakagoma. Yeye ndiye aliyeufungua mlango kwa mdomo wake, hivyo ndivyo alivyoona, na hakuna mtu aliyeweza kumtoa kwenye wazo hilo kwa kuwa hakuna aliyeambiwa. Akaimeza sehemu ya pili, akaruka hadi ya tatu. Mwaka uliofuata akaimeza tena, na tena, na akajiaminisha kwamba upepo ni mwingi na kuta ni nene. Kuta hazikuwa nene. Nyumba ile ya mbao ilivikwa mabati kwa nje, na kikohozi cha mtu ukumbini kilisikika jikoni.

Nyumba ilipokwisha kuwaka taa zote, Rannveig alimwita Sesselja. Alivua shali lake la sufu nyeusi, lile lile la kikongwe, akamnyooshea.

"Leo utazunguka wewe."

Sesselja alilitazama shali kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. "Mimi, mama?"

"Sasa nani? Mguu wangu unaujua."

"Mimi naweza," akasema Ketill. "Nipeni sketi tu."

Sesselja alijua maana ya shali lile, kila mwanamke wa bondeni angejua. Rangi ilimtoka usoni. Alitaka kusema, akautazama mguu uliolala juu ya kigoda, akaacha. Kama angesema hapana, angekuwa amemkataa Rannveig jioni ya mwisho wa mwaka mbele ya milango iliyo wazi. Kama angekubali, ndiyo imekwisha, yeye ni wa Hamrasel. Rannveig aliyajua yote mawili, alikuwa ameyapanga kama mtu anavyopanga mtego wa mbweha. Na ni lazima isemwe kwamba wakati huo hakuona haya.

"Haya, mama," akasema Sesselja. Akajifunga shali, akachukua kandili, akatoka.

Hewa ya nje iliingia na ukimya wa theluji. Rannveig alitega sikio. Nyayo zilikwenda mbele ya nyumba, zikapinda, zikapotea upande wa zizi, zikarudi nyuma ya ukuta wa jikoni, karibu kabisa na kiti chake. Hapo zikasimama, maana ndipo maneno husemwa.

"Anayetaka kuja na aje."

Rannveig alisubiri.

"Mradi mimi na wangu tubaki salama."

Na nyayo zikaendelea.

"Ameruka," akasema Rannveig.

Ketill alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kinara mkononi. Safari hii hakutania. "Hajaruka, bibi. Amesema kama unavyosema wewe."

"Kumbe mlikuwa mnasikia."

"Tuna masikio. Yangu mabovu, ya kwake mazima."

"Na hamkusema kitu."

"Tungesema nini? Ulikuwa na msiba." Akaweka kinara mezani. "Mimi nilidhani utapita wenyewe. Haukupita."

Mzunguko wa pili ulikuwa wa polepole zaidi. Rannveig alijikuta ameishika mikono ya kiti kwa nguvu. Alikuwa hajawahi kuyasikia maneno yale kutoka ndani tangu siku za kikongwe, na kikongwe alikuwa akiyasema yote, kwa sauti ya kukemea kondoo. Sasa aliyasikia jinsi yalivyo yakikatwa. Anayetaka kuja na aje. Halafu shimo. Ndani ya shimo lile mtu aliweza kumsikia Sesselja akivuta pumzi, na pumzi ilikuwa na machozi. Mradi mimi na wangu tubaki salama. Ilisikika kama nyumba ya mtu mwenye uchoyo, mtu anayekaribisha wageni kisha anaficha viatu vyao.

Yangu hiyo, Rannveig akawaza. Hiyo ni sauti yangu ya miaka sita.

Alikuwa ameshinda. Bado mzunguko mmoja tu, na Sesselja angeingia ndani akiwa mama wa Hamrasel, na asingeondoka, kwa sababu Sesselja si mtu wa kuvunja alichokubali. Angekaa. Angekamua, angesokota, angeweka mawe ya moto kitandani. Na asingeimba tena zizini. Rannveig alijaribu kufurahi, akashindwa.

"Nipe fimbo," akasema.

"Mguu, bibi?"

"Mguu ni wangu. Fimbo!"

Alitoka bila shali, akishika ukuta. Baridi ilimpiga kifuani. Theluji ilikuwa ya bluu chini ya nyota, na kila dirisha lilitupa mraba wake wa mwanga mbele ya nyumba. Sesselja alikuwa amefika mlangoni kuanza mzunguko wa tatu. Aliposhtuka, kandili ikayumba, na uso wake ukaonekana umelowa.

"Mama! Utaanguka!"

"Nikianguka utaniokota. Niambie, kwenu mlikuwa mnasemaje jioni hii?"

"Kwetu?" Sesselja alifuta uso kwa kona ya shali. "Kama watu wote. Tulisema yote."

"Basi mbona hapa umekata katikati?"

Sesselja alimtazama kana kwamba swali lenyewe halina maana. "Hapa ndivyo yanavyosemwa, mama. Nimeyasikia hivyo tangu Kolbeinn aondoke. Mimi ni mkwe wa hapa, siwezi kuja na maneno ya kwetu." Akalishika shali. "Na uliponipa shali, nilijua ndivyo unavyotaka niseme."

Hapo Rannveig aliumia kuliko siku aliyoteleza kisimani. Msichana alikuwa ameuona mtego, ameutambua, na ameingia mwenyewe kwa heshima. Tena ameufunga mlango nyuma yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa alidhani ndiyo desturi ya nyumba.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyotaka. Nilitaka ubaki, na niliogopa kukuomba usije ukakataa. Mimi ni mzee mjinga, Sesselja."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nitasema ninavyotaka, mdomo bado mzima. Nirudishie shali langu."

"Umekasirika?"

"Naganda! Na sijafa bado. Mwenye nyumba hapa ni mimi."

Sesselja alivua shali, akamfunga nalo vizuri, akalichomeka chini ya kidevu kama anavyovikwa mtoto. Kisha akamshika mkono, kandili mkono wa pili, na wakaanza kuizunguka nyumba. Walikwenda kwa mwendo wa kobe. Fimbo ilitafuta ardhi ngumu chini ya theluji, mguu ulilalamika, na Rannveig alilalamika zaidi ya mguu. Zizini Huppa, ng'ombe wao mkubwa, aligeuza kichwa kwenye mwanga kuona ni nani wanaochelewesha chakula chake.

Nyuma ya jikoni walisimama. Kutoka hapo mwamba ulionekana juu ya malisho, mweusi, na nyuma yake nyika alikopotelea Kolbeinn.

"Anayetaka kuja na aje," akasema Rannveig.

Maneno yakagoma. Yaligoma kama yalivyogoma kila mwaka, pale pale. Alihisi mkono wa Sesselja chini ya kwapa lake, hausukumi, hauvuti. Aliwaza kwamba kama akisema, Kolbeinn atakuwa amekwenda kweli. Kisha akawaza kwamba Kolbeinn amekwenda kweli, asiposema pia, na kwamba katika miaka sita ya kunyamaza kwake hakuna aliyerudi. Waliokuwemo ndani tu ndio waliozuiwa.

"Anayetaka kwenda," akasema, na sauti ikakwaruza, akakohoa, akaanza upya kwa sauti ya kukemea kondoo. "Anayetaka kwenda na aende!"

Sauti ilipanda mpaka mwambani. Alilia, na hakujificha. Sesselja naye alilia, na kwa muda walisimama pale wamekumbatiana, kandili ikiwaunguza sketi kidogo bila wao kujua.

"Mradi mimi na wangu tubaki salama," wakamalizia pamoja.

"Yote yamesikika!" Ketill akapaza sauti kutoka upande wa ndani wa ukuta. "Rudini, nyama inapoa!"

Walirudi kupitia mbele. Rannveig alikaa kwenye kiti cha ukumbini, karibu na mlango, kwa kuwa hakuweza kwenda hatua nyingine. Sesselja alipiga magoti kumvua viatu.

"Haya," akasema Rannveig. "Lile jambo ulilotaka tuongee."

Sesselja alicheka na pua iliyojaa machozi. "Si mwaka ukianza?"

"Sema kabla sijatafuta miwani."

"Högni ameniomba tuoane."

"Lini?"

"Oktoba. Nilimwambia siwezi kumjibu kabla sijaongea na wewe."

"Na mimi nimekuzungusha mpaka leo. Maskini fundi wa watu, atakuwa ameshona matandiko ya pwani nzima kwa wasiwasi." Alimtazama msichana aliyeinamia viatu vyake, nywele zimeloa theluji. "Unampenda?"

"Nampenda, mama."

"Ni mtu mwema?"

"Mwema. Mpole. Ila wewe utabaki na nani?"

"Nina Ketill."

"Ketill ni mzee."

"Ndiyo kwanza anaanza kupata akili. Na binti wa dada yangu kila mwaka ananiandikia anatafuta mahali pa kuishi, ni mimi niliyekuwa simjibu." Aliusogeza mguu wake mikononi mwa Sesselja. "Sasa sikiliza. Wanaohama leo ni wale wa mwambani. Binadamu wanahama mwanzo wa Juni, siku za kuhama, kama Wakristo wote. Mpaka hapo Huppa atakamuliwa na nani? Na huyo fundi wako aje hapa mwenyewe, kabla ya masika, aniombe kwa mdomo wake. Utakwenda na tandiko lako, na ndama wa Huppa, na hivyo vinara vya shaba. Shali siwapi."

Sesselja alilaza kichwa magotini mwake. Rannveig akaweka mkono juu ya nywele zile zilizoloa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema, "Asante, mwanangu. Kwa yote." Ilimtoka kwa shida, ikatoka.

Ketill alitokea jikoni na sahani ya nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi. Alivuta pumzi kupitia pua, ya kulia kisha ya kushoto, akashangaa. "Hata mafua yamelegea," akasema. Kisha akatazama mlango mkubwa, ambao ulikuwa wazi bado, na baridi yote ya kaskazini ikiingia. "Mizunguko si imekwisha? Funga mlango huo, bibi, tutaganda."

Sesselja aliinuka kwenda kuufunga, lakini Rannveig alimshika kiganja.

"Ngoja kidogo," akasema, akiangalia nje, kule theluji ilipokuwa na nyayo zao wawili. "Bado mmoja hajatoka. Anatafuta glavu."